Mama Mshitakiwa: Sheria na Tiba Mbele ya Kifo cha Mtoto

Utangulizi

Wahenga wetu walisema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Methali hii yatueleza jambo ambalo jamii zetu zote zimelikubali, yaani hakuna ampendaye mtoto kupita mama aliyemzaa. Lakini heshima hiyo kubwa ina upande wake wa pili, ambao haukutungiwa methali. Mtoto afapo ghafla na sababu isijulikane, macho ya watu humgeukia kwanza yule yule aliyekuwa karibu naye kuliko wote. Aliyesifiwa jana kwa mapenzi yake, leo huulizwa alifanya nini usiku ule. Akilia sana, husemwa kwamba anajificha nyuma ya machozi. Asipolia, husemwa kwamba hana moyo wa mama.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi historia ya namna mahakama na tiba zilivyowahukumu akina mama walioshukiwa kuwadhuru watoto wao. Tutaanza nyumbani, katika mila zetu wenyewe. Kisha tutakwenda Uingereza, kwa sababu sheria ya jinai tunayoitumia katika Afrika Mashariki ilichipuka huko, na baadaye Australia, nchi nyingine iliyoirithi sheria hiyo hiyo. Tutaonyesha kwamba kosa moja limerudiwa karne hata karne: mahali pa ushahidi pamewekwa sura ya mama kama watu walivyodhani kwamba yampasa kuwa. Sheria ilipokuwa kali ilisema kwamba mama wa namna hii lazima ameua. Ilipokuwa na huruma ilisema kwamba mama wa namna hii lazima amerukwa na akili. Ni mara chache iliyouliza swali lililo wazi kabisa: mtoto huyu alikufa kwa nini, nasi tunajuaje?

Hatusemi kwamba kila mama anayeshukiwa hana hatia. Wako watoto wanaoumizwa na wazazi wao, na mtoto mchanga hana kinywa cha kujitetea. Kwa sababu hiyo hiyo jambo hili lataka uangalifu mkubwa. Tukikosea upande mmoja, mtoto hukosa mlinzi. Tukikosea upande wa pili, mama aliyefiwa hufungwa kwa msiba wake mwenyewe.

Hukumu ya kijiji

Kabla ya kuwatazama wengine, yatupasa tujitazame sisi wenyewe. Lugha yetu ina kitenzi kubemenda. Mtoto anayenyonya akikonda, akiharisha kila mara, au akichelewa kusimama na kutembea, husemwa kwamba amebemendwa. Yaani wazazi wake wameuvunja mwiko wa kutokutana kimwili wakati mama ananyonyesha. Ingawa mwiko huo uliwahusu wote wawili, lawama iliangukia zaidi kwa mama. Yeye ndiye aliyembeba mtoto mgongoni mbele za watu, na hali ya mtoto ilisomwa kama barua iliyoandika siri zake.

Haifai kuudharau mwiko huo. Ulisaidia kuwapa watoto nafasi ya kutosha kati ya uzazi mmoja na mwingine, na mtoto anayeachishwa ziwa mapema kwa sababu ya mimba mpya kweli hudhoofika. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Ghana wakati ikiitwa Gold Coast, alieleza jambo hilo katika maandishi yake ya mwaka 1933 na 1935. Aliutaja ugonjwa wa utapiamlo kwa jina ambalo Waga wa nchi ile walikwisha kuupa, kwashakoo, yaani ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani na mdogo wake. Kwa hiyo wazee walikuwa wameona jambo la kweli.

Walipokosea ni katika hatua iliyofuata. Mtoto amedhoofu, kwa hiyo mwiko umevunjwa. Mwiko umevunjwa, ndiyo maana mtoto amedhoofu. Hukumu ya namna hii huzunguka kama ng'ombe wa kinu cha mafuta, haifiki popote. Mama hakuwa na njia ya kujitetea, maana ushahidi wa kosa lake ulikuwa ni ugonjwa wenyewe. Kama mtoto aliugua malaria, au minyoo, au njaa ya mwaka ule, hayo hayakuulizwa tena. Tutaona kwamba mahakama zenye majaji na madaktari wenye digrii zimezunguka kinu hicho hicho.

Sheria ya mwaka 1624

Mwaka 1624 Bunge la Uingereza lilitunga sheria juu ya vifo vya watoto waliozaliwa nje ya ndoa. Sheria hiyo iliagiza kwamba, kama mwanamke asiye na mume akizaa kwa siri na mtoto akaonekana amekufa, naye mama akawa amekificha kifo hicho, basi ahesabiwe kuwa ameua na anyongwe. Angeokoka kwa njia moja tu, nayo ni kuleta walau shahidi mmoja wa kuthibitisha kwamba mtoto alizaliwa akiwa amekufa.

Msomaji na apime uzito wa masharti hayo. Kwa kawaida mwenye kushitaki ndiye anayethibitisha. Hapa mshitakiwa ndiye aliyetakiwa kuthibitisha. Tena alitakiwa kuleta shahidi wa jambo ambalo, kwa maelezo ya sheria yenyewe, lilitendeka kwa siri. Ni dhahiri pia kwamba sheria haikuwagusa wanawake wote. Mke wa mtu ambaye mtoto wake amekufa hakuguswa na masharti haya. Aliyeguswa hasa ni mtumishi wa nyumbani, msichana maskini ambaye mimba ikijulikana angefukuzwa kazi na kukosa pa kulala. Alificha kwa sababu ya hofu, na sheria ikaigeuza hofu yake kuwa ushahidi wa kuua.

Kisa cha Anne Greene chaonyesha matokeo yake. Alikuwa mtumishi katika nyumba ya tajiri mmoja karibu na mji wa Oxford. Mwaka 1650 mimba yake ilitoka kabla ya wakati, na kiumbe kilipoonekana alishitakiwa na kuhukumiwa kifo. Tarehe 14 Desemba mwaka huo alinyongwa hadharani, akaning'inia kwa muda wa kama nusu saa. Maiti yake ilipelekwa kwa matabibu ili waipasue kwa ajili ya mafunzo. Walipofungua jeneza walisikia pumzi kooni mwake. Matabibu hao, miongoni mwao William Petty na Thomas Willis, waliacha visu vyao wakamtibu, naye akapona. Ilielezwa pia kwamba kiumbe kile kilikuwa kichanga mno hata hakikuweza kuzaliwa hai. Anne Greene alisamehewa, akaolewa, akazaa watoto.

Watu wengi wa zama zile waliuona wokovu wake kuwa mwujiza. Lakini sisi twaona jambo jingine. Hoja ya tiba, kwamba kiumbe kile hakikuweza kuwa hai, ilipata nguvu baada ya kitanzi badala ya kupata nguvu mbele ya hakimu. Kama si bahati ya shingo yake, sheria ingekuwa imekwisha kumwua mtu kwa kosa ambalo halikutendeka.

Mapafu yaeleayo majini

Katika karne hiyo hiyo tiba ilianza kuleta mahakamani kipimo chake. Mwaka 1681 tabibu Johann Schreyer wa mji wa Zeitz, Ujerumani, aliyatia majini mapafu ya mtoto aliyekufa ili kujua kama alipata kuvuta pumzi. Hoja ilikuwa rahisi: mapafu yasiyopata hewa huzama, yaliyopata hewa huelea. Mapafu yale yalizama, na kipimo kikamsaidia msichana mmoja wa kijijini aliyekuwa ameshitakiwa kwa kuua.

Kipimo kilichowahi kumwokoa mmoja kikawa hatari kwa wengine. Wengi waliamini kwamba mapafu yakielea, basi mtoto alizaliwa hai, na kama alizaliwa hai, basi mama amemwua. William Hunter, mkunga mashuhuri wa London na mwalimu wa elimu ya viungo vya mwili, aliipinga imani hiyo katika makala yaliyosomwa mbele ya matabibu wenzake mwaka 1783, miezi michache baada ya kufa kwake. Alieleza kwamba maiti inayoanza kuoza hujaa hewa, na mapafu yake huelea hata kama mtoto hakupumua kamwe. Tena mtoto aweza kuvuta pumzi kidogo akiwa bado anazaliwa, kisha akafa kabla hajatoka kabisa. Aidha, mwanamke anayejifungua peke yake, bila mkunga, aweza kuzimia, na mtoto akafa bila mtu kumgusa.

Hunter hakuishia kwenye mapafu. Aliwataka wasomaji wake wamfikirie mwanamke mwenyewe: aibu yake, upweke wake, na uchungu wa kuzaa gizani. Huyu alikuwa miongoni mwa matabibu wa kwanza kuieleza mahakama kwamba kazi ya mtaalamu si kutaja anachokijua tu. Yampasa pia ataje mpaka wa ujuzi wake.

Wakati huo wananchi wa kawaida waliokaa katika juri, yaani baraza la raia 12 wanaoamua hatia, walikuwa wamekwisha kuichoka sheria ya 1624. Wakawa wanatafuta kila njia ya kuwaachilia washitakiwa. Njia mojawapo ilikuwa nguo. Mama akionyesha kwamba alikuwa amemshonea mtoto nguo au amemwekea vitambaa, ilisemwa kwamba hakukusudia kumwua, naye aliachiliwa. Hiyo ilikuwa huruma, lakini ilikuwa huruma yenye upungufu. Fukara asiye na hata kipande cha kitambaa alibaki na shaka yake. Hatimaye, mwaka 1803, sheria ya 1624 ilifutwa. Tangu hapo mashitaka ndiyo yaliyotakiwa kuthibitisha kwamba mtoto alizaliwa hai na kwamba aliuawa; kuficha uzazi kukawa kosa la pekee, lenye kifungo kisichozidi miaka miwili.

Kutoka uovu hadi ugonjwa

Katika karne ya 19 sura ya mama mshitakiwa ilibadilika. Mwaka 1858 tabibu Mfaransa Louis-Victor Marcé alichapisha kitabu juu ya wazimu wa wanawake wajawazito, waliojifungua karibuni, na wanaonyonyesha. Matabibu wa Ulaya walizidi kuamini kwamba uzazi na unyonyeshaji huweza kuivuruga akili. Huko Uingereza adhabu ya kuua kwa kukusudia ilikuwa ni kifo, wala jaji hakuwa na hiari. Alivaa kitambaa cheusi kichwani akatamka hukumu ya kunyonga mbele ya mama aliyemwua mtoto wake mchanga, ilhali yeye, mawakili na wasikilizaji wote walijua kwamba mama huyo atasamehewa na serikali. Mchezo huo wa kutisha uliwachukiza hata majaji wenyewe.

Mwaka 1922 Bunge la Uingereza lilitunga sheria mpya. Mama aliyemwua mtoto wake aliyezaliwa karibuni, hali akili yake imevurugika kwa sababu hajapona athari za kuzaa, angeadhibiwa kama mtu aliyeua bila kukusudia. Mara likazuka swali: mtoto huwa ni wa karibuni mpaka lini? Mwaka 1927 mahakama iliamua kwamba mtoto wa siku 35 hakuwa tena wa karibuni. Kwa sababu hiyo sheria ilitungwa upya mwaka 1938. Umri ukawekwa kuwa chini ya miezi 12, na athari za unyonyeshaji zikaongezwa kuwa sababu ya pili ya kuvurugika kwa akili.

Hapa ndipo historia hii inapoingia nyumbani kwetu. Kifungu cha 199 cha Sheria ya Kanuni za Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, chafuata maneno ya sheria ile ya 1938 kwa karibu sana: umri wa chini ya miezi 12, athari za kuzaa, athari za unyonyeshaji, na adhabu kama ya kuua bila kukusudia. Kenya wanacho kifungu cha 210 chenye maana hiyo hiyo, na Uganda pia wana kifungu cha namna hiyo. Kwa hiyo mama wa Songea au wa Kitui akisimama kizimbani, anapimwa kwa mizani iliyotengenezwa London kwa ajili ya matatizo ya London.

Hapana shaka kwamba kifungu hicho kina rehema ndani yake, na kimewaokoa wengi na hukumu ya kifo. Tiba ya leo nayo inakubali kwamba kuna ugonjwa mzito wa akili unaofuata uzazi. Huwapata kama mama mmoja au wawili katika kila uzazi 1,000, na huweza kuanza ghafla katika siku chache za mwanzo. Kuna pia sonona baada ya kujifungua, inayowapata wengi zaidi. Lakini wazo la kwamba maziwa ya mama huleta wazimu limekwisha kuachwa na matabibu. Sheria bado imelishika.

Yafaa tuone pia kilichoachwa nje. Kifungu chazungumzia mwili wa mama, hakizungumzii maisha yake. Hakitaji njaa, wala mume aliyekimbia, wala msichana aliyebakwa, wala aliyefukuzwa na baba yake. Ili ahurumiwe, mama lazima kwanza akubali kuitwa mtu aliyevurugikiwa na akili. Sheria ya 1624 ilimwona mwovu bila kumsikiliza. Sheria ya huruma nayo imekuwa tayari kumwona mgonjwa bila kumsikiliza sana.

Takwimu kizimbani

Katikati ya karne ya 20 tiba ilifanya kazi ambayo hatuna budi kuisifu. Mwaka 1946 daktari wa Marekani John Caffey, kwa kutumia picha za eksirei, alieleza habari za watoto wachanga wenye damu iliyovuja kichwani pamoja na mifupa iliyovunjika. Mwaka 1962 Henry Kempe na wenzake walitamka waziwazi kwamba watoto wengi wa namna hiyo hupigwa na watu wanaowalea. Mwaka 1977 Roy Meadow, daktari wa watoto wa Uingereza, alieleza habari za wazazi wanaowatia watoto wao maradhi kwa makusudi. Watoto wengi wameokolewa kwa sababu madaktari walikubali kuyaona yale ambayo hakuna aliyetaka kuyaona.

Lakini jicho lililozoea kuona uovu laweza kuuona hata mahali usipokuwapo. Kanuni isiyoandikwa ikazoeleka, kwamba kadiri vifo vya ghafla vinavyoongezeka katika nyumba moja ndivyo mama anavyozidi kuwa mwuaji, mpaka yeye mwenyewe athibitishe vingine. Bila kutajwa, sheria ya 1624 ilikuwa imerudi kwa mlango wa nyuma.

Sally Clark, wakili wa Uingereza, alifiwa na watoto wawili wachanga, mmoja mwaka 1996 na mwingine mwaka 1998. Alishitakiwa kwa kuwaua wote wawili, na mwaka 1999 akahukumiwa kifungo cha maisha. Katika kesi hiyo Meadow aliiambia mahakama kwamba, katika familia kama ile, uwezekano wa watoto wawili kufa kifo cha ghafla cha kawaida ni mmoja katika milioni 73. Hesabu hiyo ilipatikana kwa kuchukua uwezekano wa kifo kimoja, yaani mmoja katika 8,543, na kuuzidisha kwa wenyewe.

Wanafunzi wa hisabati na walitazame kosa lililomo. Tuseme nyumba mbili za makuti zimesimama ubavu kwa ubavu. Moja ikiungua, je, uwezekano wa ya pili kuungua ni ule ule wa siku zote? La, maana upepo ni mmoja na makuti ni yale yale. Hali kadhalika watoto wa tumbo moja hushiriki damu, chumba na maradhi. Vifo vyao si mambo mawili yasiyohusiana, wala haifai kuvizidisha kama kurusha sarafu mara mbili.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Ni nadra sana kwa mtu mmoja kushinda bahati nasibu, lakini hatusemi kwamba kila aliyeshinda ameiba tiketi. Watoto wawili kufa ghafla ni jambo la nadra. Mama kuwaua watoto wake wawili nalo ni jambo la nadra. Lililotakiwa ni kuzilinganisha nadra hizo mbili, si kuitazama moja peke yake. Mwaka 2001 chama cha wanatakwimu wa Uingereza kilitoa tamko rasmi kwamba hesabu ile haikuwa na msingi. Ikagunduliwa pia kwamba matokeo ya uchunguzi wa maabara yaliyoonyesha bakteria katika mwili wa mtoto wa pili hayakupelekwa kwa mawakili wa utetezi. Rufani ya kwanza ilikuwa imekataliwa mwaka 2000. Ya pili ilikubaliwa Januari 2003, na Sally Clark akaachiliwa. Alifariki mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 42. Meadow alifutwa katika daftari la madaktari mwaka 2005, akarudishwa na mahakama mwaka 2006, iliyoona kwamba alikosea bila nia mbaya. Nia njema, basi, haitoshi kuwa kinga ya kosa.

Desemba 2003 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilitengua pia hatia ya Angela Cannings, aliyekuwa amefungwa kwa vifo vya wanawe wawili. Mahakama hiyo iliweka msingi muhimu: pale wataalamu wa kuaminika wanapopingana juu ya sababu ya kifo, na ugonjwa hauwezi kuondolewa katika fikra, mtu asitiwe hatiani ikiwa hakuna ushahidi mwingine wenye nguvu.

Machozi na shajara

Nchini Australia visa viwili vyatufunza jinsi tabia ya mama inavyogeuzwa kuwa ushahidi. Agosti 1980 familia ya Chamberlain ilipiga kambi karibu na mwamba wa Uluru. Usiku mtoto wao Azaria, mwenye umri wa wiki tisa, alitoweka hemani. Mama yake, Lindy, alisema kwamba amemwona dingo, yaani mbwa mwitu wa nchi ile, akitoka hemani. Wenyeji wa asili wa mahali pale, mafundi wa kufuata nyayo, waliziona nyayo za dingo. Lakini neno lao lilipewa uzito mdogo kuliko neno la maabara iliyosema kwamba ndani ya gari la familia mna damu ya mtoto mchanga. Watu nao waliuona uso wa Lindy katika televisheni, wakasema kwamba ni mkavu mno kwa mama aliyefiwa. Mwaka 1982 alifungwa maisha. Mwaka 1986 kikoti cha mtoto kiliokotwa karibu na mapango ya dingo, naye akafunguliwa. Ikathibitika kwamba madoa yale ya garini hayakuwa damu ya mtoto. Mengi yalikuwa ya dawa inayopuliziwa magari kiwandani ili kupunguza kelele. Hatia ilifutwa mwaka 1988, na mwaka 2012 uchunguzi wa kisheria ulitamka kwamba Azaria aliuawa na dingo. Walioifahamu nchi yao walikuwa wamesema kweli tangu siku ya kwanza.

Kathleen Folbigg alifiwa na watoto wanne kati ya mwaka 1989 na 1999. Mwaka 2003 alitiwa hatiani, na ushahidi mmojawapo ulikuwa shajara yake, ambamo alijilaumu kwa vifo vya wanawe. Waliomshitaki waliyasoma maneno hayo kuwa ni maungamo. Lakini ni mama gani aliyezika watoto wanne asiyejilaumu? Baadaye wataalamu wa chembe za urithi waligundua kwamba binti zake wawili walikuwa wamerithi kwake hitilafu ya nadra inayoweza kuusimamisha moyo ghafla. Juni 2023 alisamehewa, na Desemba mwaka huo hatia yake ikafutwa, baada ya kifungo cha miaka 20. Miaka yote hiyo sehemu ya utetezi wake ilikuwa ndani ya damu yake mwenyewe, na hapakuwa na mtu aliyekuwa ameitafuta.

Mafunzo kwetu

Tukiyakusanya haya, twapata mafunzo manne. La kwanza, mzigo wa kuthibitisha ni wa mwenye kushitaki. Mama asiulizwe kwanza kwa nini mtoto wake amekufa, kana kwamba asipojua jibu amekiri kosa. La pili, mtaalamu na aseme yaliyo ya taaluma yake, tena ataje mpaka wa ujuzi wake. Daktari wa watoto si bingwa wa takwimu, na kipimo kimoja cha maabara si hukumu. Fundisho hili latuhusu sana sisi ambao madaktari wetu wa kuchunguza maiti ni wachache, na ambao watoto wengi huzikwa kabla ya uchunguzi wowote. Pale ambapo uchunguzi haukufanyika, maneno ya mtaani yasichukue nafasi yake. Ipo methali isemayo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo yafaa barazani, haifai mahakamani.

La tatu, sura na desturi za mtu si ushahidi. Machozi, ukimya, umaskini, kukosa mume, au kutoshona nguo za mtoto, yote hayo hayatuelezi mtoto alikufaje.

La nne lawahusu hasa walimu na wanafunzi. Tangu enzi za watumishi wa Uingereza mpaka leo, anayeficha mimba na kujifungua peke yake ni yule ambaye kujulikana kwake kutamgharimu kila kitu. Kwa miaka mingi msichana wa shule wa Tanzania aliyepata mimba alifukuzwa asirudi. Novemba 2021 Serikali iliufungua mlango huo ili aweze kurejea masomoni. Uamuzi huo ni wa elimu, lakini ni kinga ya uhai vile vile. Msichana anayejua kwamba ana mahali pa kurudi anaweza kumwambia mwalimu wake, akaenda kliniki, akazaa mbele ya mkunga. Mtoto akizaliwa salama, furaha ni ya wote. Na akifa kwa amri ya Mungu, yupo shahidi.

Sheria ya 1624 ilidai shahidi kutoka kwa mwanamke ambaye jamii ilikwisha kumwacha peke yake. Mzigo huo ni wetu sisi. Yatupasa kuhakikisha kwamba hakuna mama anayezaa gizani, na kwamba mtoto akifa, kifo chake kinachunguzwa kwa elimu na subira kabla mtu yeyote hajanyoshewa kidole. Hiyo ndiyo haki ya mama, na ndiyo haki ya mtoto pia, maana mtoto aliyefariki hafaidiki chochote kwa kufungwa asiyemwua.